Kijiji cha kumsubiri bosi: kisa cha Białowieża, kwa wanaotunga vijiji vya msituni

Kila nikifungua stori ya kifantasia au gemu ya kujenga ulimwengu nakutana na kijiji kilekile. Msitu mnene, katikati loji ya uwindaji ya magogo, pembe zimetundikwa ukutani, mwenye loji ni mzee asiyeongea sana mwenye kovu shavuni, nje kuna vibanda kumi na tano hivi, kilabu kimoja cha pombe, mhunzi mmoja, basi imeisha hiyo. Ukiuliza hawa watu wanakula nini unaambiwa wanawinda. Wote? Mwaka mzima? Na hao wanyama hawaishi? Hapo mtunzi anaanza kukohoa.

Sasa badala ya kulalamika tu nimeona nichukue kijiji kimoja cha kweli kilichozaliwa kwa sababu ya loji ya uwindaji nikipasue mwanzo mwisho, maana ukishaona chenyewe kilivyokuwa kinaendeshwa hutarudia tena kuchora vile vibanda kumi na tano. Kijiji ni Białowieża, kipo mashariki mwa Polandi, karibu kabisa na mpaka wa Belarusi, ndani ya msitu wa jina hilohilo. Msitu wenyewe ukijumlisha pande zote mbili za mpaka unafika kama kilomita za mraba 1,500, ni moja ya mabaki ya mwisho ya ule msitu wa zamani uliowahi kufunika tambarare za Ulaya, na ndio makazi ya żubr, yaani nyati wa Ulaya, lidume lake linaweza kupita kilo 800. Kijiji kimekaa kwenye uwazi katikati ya miti, kuna kamto kanaitwa Narewka, nyumba za mbao zimejipanga kufuata barabara, vitongoji vina majina yake, Stoczek, Podolany, Zastawa. Ukiangalia ramani unaona kabisa hakuna aliyekuja kuishi pale kwa sababu ya udongo au soko. Walikuja kwa sababu kuna mtu mmoja, anayeishi mbali sana, alitaka wanyama wa pale wabaki wake.

Nianze na kitu ambacho watunzi wengi hawakifikirii, kwamba loji ya mfalme zamani haikuwa starehe tupu. Mwaka 1409 mfalme Władysław Jagiełło alikuja kuwinda humu kwa muda mrefu akijiandaa na vita na wale watawa wapiganaji wa Kijerumani, vita vilivyofikia kilele Grunwald mwaka 1410. Nyama ikatiwa chumvi, ikapakiwa kwenye mapipa, ikateremshwa kwa mito hadi mji wa Płock ikalisubiri jeshi. Kwa hiyo ule msitu ulikuwa stoo ya rasheni, na ukiwa na stoo ya rasheni lazima uwe na walinzi, na walinzi wana wake na watoto, na hapo ndipo kijiji kinapoanzia. Mimi kama ningekuwa natunga ningeanzia kwenye hayo mapipa kabla ya kufikiria pembe za ukutani. Nani anatengeneza mapipa, chumvi inatoka wapi (msituni hakuna chumvi), nani anajua kuendesha magogo mtoni. Tayari umepata kazi tatu za watu na hakuna hata mmoja aliyeshika upinde.

Haya, tuje kwa wenyeji wenyewe. Enzi za wafalme wa Polandi na Lithuania kulikuwa na kundi la watu walioitwa osocznicy. Hawa walipewa ardhi pembezoni mwa msitu, wakasamehewa ile kazi ya lazima ambayo wakulima wengine walikuwa wanamfanyia bwana bure shambani, na badala yake wajibu wao ulikuwa kulinda msitu, kupiga doria, kujua wanyama wako wapi, na siku mfalme akija, kuwazunguka wale wanyama na kuwafukuzia upande aliko. Kazi ilirithiwa, baba osocznik na mtoto osocznik. Naomba usipite haraka hapa maana hapa ndipo penyewe. Kijiji cha loji hakikuwa kijiji cha wawindaji, kilikuwa kijiji cha watu waliokatazwa kuwinda na wakalipwa kuhakikisha na wengine hawawindi. Aliyeruhusiwa kupiga mnyama mkubwa ni mtu mmoja na wageni wake, na mtu huyo anaweza kukaa miaka asionekane.

Juu ya hao kulikuwa na watu wengine wenye ruhusa za kuingia, na ruhusa zenyewe zilikuwa za vipandevipande. Huyu anaruhusiwa kukata nyasi kwenye uwanda fulani mle ndani, yule ana haki ya samaki kwenye kipande cha mto, wengine wana mizinga ya asali iliyochongwa ndani ya miti hai, juu kabisa kwenye shina la msonobari, mtu anapanda na kamba. Mti mmoja hapo una mfalme mwenye mti, mrina asali mwenye nyuki, na mlinzi mwenye jicho. Sasa fikiria huyo mlinzi siku anapoona mti umeungua chini kwa sababu mrina asali alizembea na moto wa kufukiza. Amshitaki? Ni shemeji yake. Ugomvi wa namna hiyo una utamu kuliko joka lolote utakaloleta, na haukugharimu chochote zaidi ya kukaa chini na kuandika nani ana ruhusa ya nini kabla hujachora nyumba.

Kuhusu nyasi kuna jambo lilinishangaza kidogo. Żubr wakati wa baridi kali chakula kinamwia vigumu, kwa hiyo tangu zamani sana walikuwa wanawekewa nyasi kavu msituni zimerundikwa kwa ajili yao. Yaani kiangazi kizima mwanakijiji anafyeka nyasi, anageuza, anakausha, anarundika, halafu zinakuja kuliwa na mnyama ambaye haruhusiwi kumgusa, ili siku moja mheshimiwa aje ampige risasi akiwa amenona. Ule ni ufugaji kabisa ila hauitwi ufugaji, na wale nyati wenyewe walizoea, wanajua lundo liko wapi.

Sasa siku ya siku inakuwaje. Kuna mnara wa jiwe pale kwenye bustani ya kasri lililokuja kujengwa baadaye (nitalifikia), upo mpaka leo, umeandikwa kwa Kipolandi upande mmoja na Kijerumani upande mwingine, unaeleza uwindaji wa tarehe 27 Septemba 1752 wa mfalme August III. Umeandikwa kwa ukamilifu wa karani wa bohari, nani walikuwepo na nini kiliuawa: żubr 42, na wamegawanywa kabisa madume makubwa mangapi, wadogo wangapi, majike mangapi, ndama wangapi, halafu elki 13, wale kulungu wakubwa wa nchi za baridi, na kulungu wadogo 2. Jumla 57. Kuna simulizi kwamba malkia peke yake aliangusha 20 na katikati ya risasi alikuwa anasoma riwaya, hilo lichukue kama simulizi, lakini hata kama limetiwa chumvi linakuonyesha uwindaji wenyewe ulikuwa wa aina gani. Hakuna kunyata, hakuna kufuata nyayo asubuhi na umande. Wanyama walishakusanywa kabla, wakazungushiwa uzio, siku hiyo wakasukumwa wapite mbele ya jukwaa la wakubwa, na wakubwa wamekaa wanapiga tu.

Nani aliwakusanya? Vijiji. Siku na siku, watu wa kila umri, porini, mwishoni mwa mavuno ambapo kila mkono unahitajika nyumbani, wanapiga kelele wamejipanga mstari na mnyama wa kilo mia nane yuko mbele yao naye ana akili zake. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, hapa ilikuwa kinyume, mgeni akija mwenyeji analala porini. Lile jiwe limeandika majina ya mabwana wa mahakama ya kifalme ila hakuna mstari hata mmoja wa aliyeshika rungu kwenye msururu wa kufukuza.

Mwaka 1795 Polandi ikamalizwa kugawanywa na majirani zake, msitu ukaangukia kwa Urusi, na Katerina wa Pili, malkia wa Urusi, akaanza kuwagawia watu wake vipande kama zawadi. Żubr wakapigwa sana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1800 tsari (mfalme wa Urusi) Alexander I ikabidi apige marufuku. Wale walinzi wa kurithi wakapoteza hadhi yao kidogokidogo, na wakati wa uasi wa Wapolandi dhidi ya Urusi wa 1830-31 walinzi wa msitu waliingia upande wa waasi, jambo ambalo wala halishangazi, mtu anayejua kila njia ya msituni na ana bunduki na ana kinyongo, kwa nini asiingie? Serikali mpya ikawa na msitu ambao wanaoujua ndio isiowaamini. Hiyo hali ningeipa sura tatu nzima kama ingekuwa riwaya yangu. Marufuku ilifanya kazi lakini, hesabu ya mwaka 1857 ilikaribia nyati 1,900.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1888 msitu unafanywa mali binafsi ya familia ya tsari, na kuanzia 1889 wanajenga kasri. Sio loji tena, ni kasri la matofali lenye vyumba zaidi ya mia, msanifu wake Nicholas de Rochefort, na bustani ya kama hekta 50 iliyopangwa na Walerian Kronenberg, mto ukazuiwa ukawa mabwawa mawili mbele ya nyumba ili kasri lijione kwenye maji. Pembeni kanisa la Kiorthodoksi la mtakatifu Nikolasi, ukuta wake wa picha takatifu umetengenezwa kwa keramiki, kitu cha nadra sana. Mwaka 1897 reli inafika. Kijiji kilichokuwa cha walinzi na wakata nyasi sasa kina mafundi matofali, watunza bustani, watu wa jikoni, wa mazizi, wa stesheni, makarani wa kuhesabu vijiko.

Kasri likakamilika 1894. Alexander III akaja mwaka huohuo mwishoni mwa kiangazi, tayari anaumwa, akakaa kidogo, akaondoka, Novemba akafariki huko Crimea. Miaka mitano ya ujenzi kwa ajili ya ziara moja! Mwanae Nikolai II safari zake za uwindaji pale zinazotajwa ni za 1897, 1900, 1903 na 1912. Piga hesabu mwenyewe, kasri lilitimiza miaka 20 mwaka 1914 na mwenye nyumba alilala humo muda mfupi tu ukijumlisha yote. Siku zote zilizobaki kijiji kinapasha vyumba moto ambavyo hakuna anayelala, kinapangusa vumbi, kinatengeneza barabara, kinalisha wanyama, kinahesabu, kinasubiri. Mshahara unaingia hapohapo, usije ukadhani walikuwa wanateseka, kwa wengi ile ilikuwa ajira nzuri kuliko chochote kilichokuwepo mkoa mzima. Ndio maana nasema kijiji cha loji uchumi wake haujasimama kwenye nyama, umesimama kwenye bosi kutokuwepo. Bosi akihamia moja kwa moja kijiji kinageuka mji wa kifalme, ndicho kilichotokea Versailles kule Ufaransa ambayo nayo ilianza kama kijumba cha uwindaji cha Louis XIII. Bosi akiacha kabisa, kijiji kinakufa njaa au kinakuwa kitu kingine. Hapo katikati, anakuja-haji, ndipo kinaponona.

Ile ziara ya 1912 ina kisa chake pia. Mtoto wa tsari, Alexei, yule mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, alijigonga paja akiingia kwenye boti palepale Białowieża mwezi Septemba, wakaona amepona wakasafiri kwenda Spała, loji nyingine ya uwindaji, na huko ndiko alikozidiwa karibu kufa mpaka ikatumwa ile telegramu maarufu kwa Rasputin, yule mtu wa dini aliyeaminiwa na mama yake kwamba anaponya. Kwa hiyo usiniambie kwenye kijiji cha uwindaji hatari lazima itoke kwenye pori.

Na msitu je? Uliharibiwa kwa mapenzi. Walitaka wanyama wengi wa kupiga, wakaleta kulungu kutoka kwingine, wakawaua wala nyama wote wanaoweza, dubu wakatoweka kabisa, mbwamwitu wakasakwa kila kona. Kulungu wakawa wengi mno wakala miche yote midogo, ukifika unakuta miti mikubwa imesimama na chini hakuna vijana wa kurithi. Ukiwa unatunga mandhari hilo lichore, mtu anayejua msitu akiingia aone haraka kwamba hapa pana kasoro, pasafi mno.

1915, Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaingia, Warusi wakakimbia na vilivyobebeka. Vikajengwa viwanda vya mbao, ikatandazwa reli nyembamba ndani ya msitu, miti ikakatwa kwa kasi ambayo karne tano za wafalme hazikuwahi kuifikia. Vita vilipoisha walinzi hakuna, mshahara hakuna, mwenye msitu ameshapinduliwa na ameuawa, watu wana njaa na bunduki zimezagaa. Żubr wa mwisho wa porini pale aliuawa mwaka 1919, na anayetajwa kumuua ni mtu aliyewahi kuwa mtumishi wa huohuo msitu. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini mimi simlaumu kwa urahisi hivyo. Yule mtu alikuwa analipwa kumlinda yule mnyama kwa ajili ya mtu mwingine, mtu mwingine akaisha, kikabaki nini cha kulinda?

Żubr walirudishwa kuanzia 1929 kutoka kwenye mabaki machache ya mbuga za maonyesho na wafugaji, wakazalishwa ndani ya uzio, wa kwanza kuachiwa huru ilikuwa 1952, na wote wa damu ya tambarare (wasiochanganywa na nyati wa milimani) wanaoishi leo wametokana na wanyama 7 tu. Kasri wakati huo lilikuwa la serikali ya Polandi, rais Mościcki anaandaa uwindaji wa kidiplomasia, na mmoja wa wageni wa miaka ya 1930 alikuwa Hermann Göring, kigogo wa Wanazi wa Ujerumani. Akauona msitu akaupenda. Mwaka 1941 akarudi kama mwenye mali, akitaka eneo kubwa zaidi la uwindaji lisilo na watu, na vikosi vya polisi wa Kijerumani vikachoma vijiji vya mle msituni, wakazi wakafukuzwa, Wayahudi wa Białowieża wakauawa. Hapa sitanii wala sileti mbinu za utunzi. Ile tamaa ya kutaka msitu mtupu na wanyama tu, ambayo kwenye stori inaonekana ya kimahaba, ikifikishwa mwisho wake inafanana na hivyo. 1944 Wajerumani wakirudi nyuma wakalichoma kasri, magofu yakabomolewa baadaye, leo limebaki lango la matofali na kanisa, na kile kijumba cha mbao cha 1845 walichojengewa wakuu wa mkoa kimelishinda kasri kwa umri.

Upande wa Belarusi nako kuna loji, Viskuli, ilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya viongozi wa Kisovieti wakija kuwinda. Tarehe 8 Desemba 1991 Yeltsin, Kravchuk na Shushkevich, viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarusi, walikutana humo wakasaini karatasi iliyosema Umoja wa Kisovieti haupo tena, na kwa kuwa ni nyumba ya kuwinda haikuwa na vifaa vya ofisi, ikabidi katibu muhtasi wa hifadhi ya msitu aitwe na taipureta. Dola zima limefungwa na mtu aliyezoea kuchapa barua za hifadhi. Ukitaka sababu ya wakubwa kukutana kwenye kijiji chako cha msituni hiyo hapo, mbali na macho, ulinzi rahisi, na kila mmoja anaweza kusema nilienda kuwinda.

Basi ukija kujenga cha kwako, anza na tarehe ambayo bosi alionekana mara ya mwisho, iwe ni muda mrefu kiasi kwamba vijana wanamjua kwa picha tu. Halafu tafuta nani anasaini kwa niaba yake, msimamizi ambaye kwa nguvu kamili ndiye mfalme wa pale ila hana haki ya kukalia kiti kile kimoja. Halafu wape walinzi wako ruhusa zilizogongana, nyasi kwa huyu, asali kwa yule. Na daftari la hesabu ya wanyama, hilo ni la muhimu kuliko upanga wowote wa kichawi, maana kila mwaka msimamizi anaandika wameongezeka, kwa sababu ukiandika wamepungua unaulizwa walienda wapi, na kila nyumba pale kijijini inajua walienda wapi, wamo kwenye mapipa chini ya sakafu.

Stori yenyewe ianze siku barua inapofika kwamba anakuja baada ya wiki sita, ana wageni 40, na wote wanataka kupiga. Daftari linasema nyati 300. Msimamizi anamwita mlinzi mzee kuliko wote, anafunga mlango, anamuuliza kwa sauti ya chini wapo wangapi kweli, na mzee anaanza kuhesabu kwa vidole.